Shosho Aliyeachwa Kikopey

Kila asubuhi ya likizo, Wariara aliwasha moto, akapasha maji ya kuoshea viwele na kumpelekea mama yake zizini. Kisha alifagia uwanja, akawalisha kuku, na kumgombeza ndugu yake mdogo, Micah, kwa kutomwaga jivu. Jumamosi hiyo ya Agosti 2007 alizifanya kazi hizo zote mbiombio, tena akiimba, hata mama yake akauliza kama leo ng'ombe watakamuliwa kwa nyimbo.

Wariara alikuwa na sababu ya kuimba. Alikuwa ameshika nambari ya pili katika darasa la sita. Baba yake, Bwana Waithaka, mkulima wa viazi hapo Bahati, alikuwa ameahidi kwamba akiwa miongoni mwa watatu wa kwanza, atawapeleka watoto Naivasha kwenye Bustani ya Ziwani. Huko kulikuwa na magari madogo ya kugongana, mashua za kuendeshwa kwa miguu, na gurudumu kubwa lililowainua watu juu kuliko miti. Wangelala usiku mmoja kwa rafiki ya baba na kurudi Jumapili. Mama angebaki, maana ng'ombe hawana likizo.

"Mami, kaa mbele," baba alisema akiwasha Pijo lake kuukuu. "Simu ikilia, wewe ndiwe utakayeijibu. Mimi naendesha."

Kwa desturi ya kwao, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Wariara alipewa jina la nyanya yake, Shosho Wariara. Ndiyo maana baba alimwita Mami, kama alivyomwita mama yake mzazi, na hakumwita kwa jina ila siku alizokasirika. Shosho aliishi Kikopey, kando ya barabara kuu ya kwenda Naivasha, nyumbani kwa shangazi Wachuka, dada yake baba.

Walipokuwa wamepita Lanet, simu ililia. Alikuwa shangazi Wachuka.

"Wariara, mko wapi? Mwambie baba yako Shosho ameamua kwenda na nyinyi! Amevaa tangu alfajiri, hata chai amekataa. Yuko barabarani, hapo karibu na mabucha. Msimpite, unasikia?"

Wariara alisikia vizuri, na hasira ikampanda papo hapo. Mwezi uliotangulia, familia yote ilikwenda kwenye maonyesho ya kilimo mjini Nakuru. Shosho alikwenda nao, na kwa kuwa hakutaka kutembea peke yake, Wariara alipewa kazi ya kumshika mkono. Wee! Asubuhi hadi jioni walikuwa katika mabanda ya ng'ombe. Shosho alipapasa viwele, akakagua meno, akabishana na kila mwenye ng'ombe. Wenzake Wariara waliona sarakasi, wakaona farasi wa polisi. Yeye aliona mikia.

"Haiwezekani tena," aliwaza. "Hii ni safari yangu. Mtihani nilifanya mimi, si Shosho."

"Sawa, Anti," alijibu, akakata simu.

"Anasemaje?" baba aliuliza.

"Anasema tuwe na safari njema. Shosho hayuko, ameenda mkutano wa akina mama kanisani."

Uongo ulimtoka kwa urahisi, kana kwamba alikuwa ameufanyia mazoezi. Baba alitikisa kichwa kwa kusikitika kidogo.

"Haya basi. Nilitaka tumsalimie. Tutampitia kesho tukirudi."

Hakuuliza neno la pili. Wariara akageukia dirisha na kujifanya anatazama ziwa Elmenteita kule bondeni.

Walifika Kikopey moshi wa nyama choma ukiwa umetanda juu ya barabara. Baba alikuwa akilipita lori la kabeji, macho yake yote yakiwa mbele. Micah, aliyekuwa nyuma peke yake, alirukaruka kitini.

"Shosho! Ona Shosho! Anatupungia mkono!"

Wariara alimwona. Alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara na kitambaa chake cha buluu, koti la Jumapili na kiondo begani. Mkono wake ulikuwa juu, na alikuwa akitabasamu, kwa maana alikuwa amelitambua gari la mwanawe.

"Wacha ujinga, Micah," Wariara alisema kwa ukali. "Shosho yuko kanisani. Kila mwanamke mwenye kitambaa ni Shosho?"

"Lakini amenipungia..."

"Nyamazeni, nalipita lori!" baba alifoka. Lori likabaki nyuma, na Kikopey pia.

Hawakufika mbali. Walikuwa wanaumaliza mlima baada ya Kikopey pale gurudumu la nyuma lilipopasuka kwa kishindo, gari likayumba, baba akaushikilia usukani kwa nguvu mpaka likasimama kando. Hakuna aliyeumia. Baba alishuka, akafungua nyuma, akatoa gurudumu la akiba, akalibonyeza kwa kidole. Nalo lilikuwa limelala kabisa.

"Jamleck!" baba alinguruma, ingawa Jamleck, jirani yao, alikuwa Bahati akinywa chai yake bila wasiwasi. "Nilimwazima gurudumu likiwa zima! Limerudi hivi, na hata hakufungua mdomo kusema!"

Wariara naye alishuka akafura. Alimkasirikia Jamleck, akalikasirikia gari, akamkasirikia na baba kwa kutolikagua gurudumu kabla ya safari. Jua lilikuwa linapanda, na kule Naivasha watoto wengine walikuwa tayari wanazunguka hewani.

Mzee mmoja alikuwa akipita na mkokoteni wa punda, akiteremka kuelekea Kikopey kuchukua maji. Baba alimsimamisha, wakapakia magurudumu yote mawili. Kisha akamwomba mama mmoja aliyeuza karoti hapo kando awaangalie watoto.

"Kaeni ndani ya gari," aliwaambia. "Narudi Kikopey kuziba pancha."

Wariara aliposikia jina Kikopey, alimshika baba mkono.

"Baba, si uende Gilgil?"

"Niende Gilgil na Kikopey iko hapa? Kaa ndani."

Walingoja mpaka gari likawa moto kama tanuri. Micah alikula mkate wake na nusu ya mkate wa dada yake, kisha akasema polepole, "Alikuwa Shosho kweli. Kiondo kilikuwa kile chake."

"Ukisema Shosho mara nyingine nitakuchapa!" Wariara alimfokea. Micah akanuna akageukia upande wa pili. Wariara hakujua kwa nini alitaka kulia, na jambo hilo lilimkasirisha zaidi.

Hatimaye mkokoteni ulionekana ukipanda mlima taratibu. Mzee wa punda alikuwa mbele, baba akitembea kando. Juu ya mkokoteni, katikati ya mitungi ya maji, Shosho alikuwa ameketi juu ya gurudumu huku amekumbatia kiondo, na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira.

Hakungoja kusaidiwa kushuka.

"Nimesimama pale tangu asubuhi!" alisema kabla hata ya kuwasalimu wajukuu. "Gari la mtoto wangu likanipita hivi! Likanitimulia vumbi mdomoni! Wale vijana wa mabucha wakacheka, 'Mathe, watu wako wamekuacha!' Mimi!"

"Mama, nimekwambia, ni Wachuka," baba alisema. Yeye pia alikuwa amekasirika. "Yeye ndiye aliyesema uko kanisani."

"Na mimi akaniambia nyinyi mnajua nawangoja! Nilijua. Tangu jana alikuwa akisema nitachoka, nitaugua, nikae nyumbani. Kumbe alikuwa ananizuia! Basi kwake sirudi. Leo leo nahamia Bahati."

Baba alichukua simu, akampigia dada yake.

"Wachuka! Tangu lini unacheza na mama yetu hivi?"

Sauti ya shangazi ilisikika hadi nje ya simu. "Cheza gani? Nilimwambia Wariara kila kitu! Muulize!"

"Unamsingizia mtoto?" Baba alipaza sauti hadi mama wa karoti akasimama. "Mami hawezi kunidanganya! Huyu hajawahi kunidanganya hata siku moja! Mwongo ni wewe, na ukiendelea hivyo, mimi na wewe tumekosana. Kwako sitakanyaga tena!"

Upande wa pili shangazi akasikika akilia.

Wariara alisimama kando ya gari. Angeweza kunyamaza. Baba alikuwa amekwisha kuamua nani mkosa, na Shosho pia. Angenyamaza tu, na safari ingeendelea, na Shosho angehama, na baba na shangazi wasingesalimiana tena. Alimtazama baba yake akimtetea kwa moyo wote, akaona hawezi kuvumilia tena.

"Baba, wacha! Usimgombeze Anti. Ni mimi."

Baba aliteremsha simu polepole.

"Wewe nini?"

"Aliniambia Shosho anatungoja. Nikadanganya. Hata tulipopita nilimwona, nikamwambia Micah si yeye."

"Nilisema mimi," Micah alinong'ona, lakini hakuna aliyemsikiliza.

"Wariara," baba alisema. Alilitamka jina hilo taratibu, na lilimuuma kuliko kofi. Akampa simu. "Mwambie shangazi yako. Sasa hivi, na sisi sote tusikie."

Wariara alisema yote huku akilia. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Umefanya vizuri kusema," alijibu. "Lakini nimekasirika, Wariara. Nimekasirika sana. Nipe baba yako."

Baba alisogea kando. Walimsikia akisema, "Nisamehe, dada yangu," akarudia mara kadhaa, kichwa kikiwa chini. Wariara hakuwa amewahi kumwona baba yake akiomba msamaha akiwa na aibu namna ile. Aliporudi, alianza kufunga gurudumu bila kumtazama mtu.

"Tukimaliza hapa tunageuza gari," alisema. "Safari imekwisha."

Micah akaangua kilio.

"Nani anageuza?" Shosho aliuliza. "Micah amekosa nini? Na mimi nimekosa nini? Funga hilo gurudumu, twende." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe, niambie. Nilikufanya nini?"

Wariara alimweleza habari ya maonyesho, ng'ombe, na sarakasi ambayo hakuiona. Shosho alimsikiliza akiwa amekaza midomo.

"Kwa hivyo nilikuchosha. Si ungesema! Ungeniambia, 'Shosho, siku ile ulinimalizia siku yangu zizini, leo sitaki.' Ningekasirika, ndiyo. Ningekwambia una mdomo mrefu. Halafu tungepatana, kwa sababu nina masikio. Lakini umeniacha nikipunga mkono barabarani, watu wakinicheka, na jina langu unalo wewe!"

Wariara akasema, "Nisamehe, Shosho."

"Nitakusamehe. Kwanza hasira ishuke."

Shosho aliketi mbele. Wariara aliketi nyuma na Micah, na njia nzima hakuna aliyezungumza naye.

Walifika Bustani ya Ziwani alasiri, wakati watu wengine walipokuwa wakitoka. Baba alisema Wariara hatapanda chochote siku hiyo, na hakuna aliyemtetea. Alikaa kwenye benchi akishikilia kiondo na viatu vya Shosho, huku Shosho mwenyewe, miguu mitupu, akipanda gurudumu kubwa pamoja na Micah. Lilipofika juu, sauti yake ilisikika bustani nzima ikimwamuru kijana wa mashine alisimamishe mara moja. Watu walicheka. Wariara hakucheka nao.

Shosho alishuka akiyumba, kitambaa kimekwenda upande, akamnyooshea Wariara mguu ili amvalishe kiatu.

"Kesho utapanda na mimi, ujue kelele zangu zote," alisema. "Leo usiniongeleshe. Bado nimekukasirikia."

Kisha akamshika Micah mkono, wakaenda kutazama mashua. Baba alibaki, akaketi kwenye benchi.

"Unajua kinachoniuma?" alimwuliza Wariara. "Si pancha. Si muda tuliopoteza. Ni kwamba nilimwita dada yangu mwongo, nikamliza, kwa sababu ya neno lako. Sikuwa na ushahidi mwingine. Nilikuwa na neno lako tu, na mimi niliona limetosha. Mtoto akisema ukweli siku zote, baba yake hupata mahali pa kusimama. Leo nilisimama hapo nikaanguka."

"Sitarudia, Baba."

"Nimesikia. Kukiri kwako mbele ya wote, tena nilipokuwa nimekwisha kukutetea, si jambo dogo, na sitalisahau. Lakini kuanzia leo, ukiniambia jambo, nitakuuliza mara ya pili. Ukisema umefunga zizi, nitauliza. Ukisema shangazi amepiga simu, nitauliza. Sifanyi hivyo kukuadhibu. Ni kwamba siwezi tena kuacha kuuliza."

Wariara alipangusa machozi kwa kiganja.

"Mpaka lini, Baba?"

Baba alifikiri kidogo, akiwatazama Shosho na Micah kule majini.

"Mpaka siku ambayo nitasahau kuuliza."