Ganda la Wilondja

Jambo hili lilimpata Asukulu, jirani yangu hapa mjini Baraka, mtu asiyependa maneno mengi.

Miaka thelathini aliwinda na rafiki yake Wilondja wa Lubondja, kijiji cha mlimani. Kila mmoja alibeba ganda tupu la risasi. Ukungu ukiwatenganisha porini, mmoja alipuliza ganda lake kama filimbi, mara moja: niko hapa. Mwenzake alijibu mara mbili: ningojee.

Mwaka huu Wilondja akafa. Asukulu akapanda Lubondja kuchukua bunduki aliyoachiwa.

"Ganda yake iko wapi?" akamuuliza Rosette, mjane wa marehemu.

"Tulimuzika nayo, shemeji. Iko mu mukono yake."

Akarudi peke yake, bunduki begani. Saa tisa mchana ukungu ukashuka, njia ikawa giza. Hakuwa amepotea, ni upweke tu uliomshika. Akatoa ganda lake, akapuliza mara moja.

Kimya. Hata ndege hakulia.

Kisha mluzi ukajibu, mara mbili, karibu kabisa na sikio lake. Akageuka. Hakukuwa na mtu. Polepole akapandisha mkono begani, akapapasa bunduki. Chuma chote kilikuwa baridi. Mdomo wa mtutu tu ulikuwa na joto, tena umelowa, kama kitu kilichotoka sasa hivi kwenye midomo ya mtu.