Msonyo Kwenye Randa

Msonyo wa kwanza ulisikika siku ya pili ya mafunzo, saa nne asubuhi, na kila mtu karakanani akaamini umetoka kwa mwenzake.

Ulikuwa msonyo wa kukomaa: mrefu, wenye mate, uliovutwa taratibu kati ya ulimi na meno mpaka mwisho wake ukakatika kama uzi. Mwalimu Nassib ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kusema kwamba msumeno wa mkono ni chombo cha watu waliosahauliwa na dunia. Akageuka.

"Nani huyo?"

Wanafunzi wanane wakatazamana.

"Nauliza nani kanisonya!"

"Labda mashine, mwalimu," akasema Masanja, kijana wa Kisukuma aliyezoea kutengeneza matela ya ng'ombe. "Imechoka kukusikiliza, bhana."

Wakacheka. Nassib hakucheka. Alikuwa hodari wa kucheka watu, si wa kuchekwa.

Alikuwa ametoka Dar es Salaam na viatu vyeupe. Nani anakuja Ifakara mwezi wa nne, mwezi wa tope, na viatu vyeupe? Nassib. Akavifuta kila baada ya nusu saa, na kila alipoinama kuvifuta, ufunguo wa karakana uliokuwa shingoni mwake ulining'inia mbele yake kama kengele ya mbuzi. Alitaja jina la kila mashine mara mbili, mara ya kwanza kwa wanafunzi, mara ya pili kwa raha yake mwenyewe. Kigoda hakuwahi kutengeneza. Mashine alizijua kama muuza nguo anavyojua magauni: namna ya kuyaonyesha.

Mashine zenyewe zilikuwa nzuri. Randa kubwa ya umeme, misumeno miwili, drili, mashine ya msasa, zote mpya, bado zinanukia grisi. Shirika moja lilikuwa limezileta katika ghala la zamani la mpunga pale Lumemo, zitumiwe na mafundi wa bonde zima. Mafunzo yalikuwa ya siku tano. Siku ya tano, Nassib angemchagua mwanafunzi mmoja, naye ndiye angebaki na ufunguo.

Kandida aliutaka ufunguo ule kuliko alivyowahi kutaka kitu. Miaka minne alikuwa amekaa kwenye vibaraza vya mafundi wengine akipiga msasa vitanda alivyoweza kuvitengeneza vizuri kuwashinda, kwa sababu mwanamke, walisema, mkono wake ni wa msasa. Alikuwa na mkono wa baba yake. Marehemu Melkiori alichonga mitumbwi, akavusha watu pale Kivukoni mpaka daraja lilipofunguliwa.

Siku ya kwanza mbao ziliisha, kwa kuwa lori lilikwama kwenye tope. Nassib akaamuru kila mtu kesho yake alete mti mkavu kutoka kwao. Kandida akaleta kipande cha mbele cha mtumbwi wa mwisho wa baba yake, mvule mtupu, amekifunga kwenye baiskeli. Nyuma kote mchwa walikuwa wamemaliza. Mbele walikuwa hawajagusa.

Hawakugusa kwa sababu ya kinundu.

Kila mtumbwi wa Melkiori ulikuwa na kinundu hicho puani, ndani, ukubwa wa ngumi, kimeachwa makusudi. Hakuna abiria aliyekikalia wala kuweka kasia juu yake. "Mti una mwenyewe," Melkiori alimfundisha binti yake. "Unamwamkia, unamwomba apishe, unamwachia pa kukaa. Mtumbwi ukifa, kikate kwa mkono, taratibu, ukirudishe mtoni. Naye atakwenda zake." Kandida alikuwa amekuja na msumeno wa mkono kwa kazi hiyo tu, maana nyumbani hakukuwa na jiliwa la kubania mti.

Muda mfupi baada ya msonyo ule wa saa nne, akaubana mti. Akainua msumeno.

"Dada! Dada!" Nassib akapiga makofi kuita watu. "Njooni muone makumbusho. Umeme upo, randa ipo, huyu anatafuta jasho. Hicho unakata kwa nini?"

"Hiki kinundu, mwalimu, huwa kinakatwa kwa mkono."

"Huwa? Kimesema chenyewe?"

Watu wakacheka. Kandida akazitazama nyuso zao, kisha ufunguo ule shingoni.

"Hamna kitu, mwalimu," akasema.

Akauweka msumeno chini, akaubeba mti, akausukuma kwenye randa.

Kinundu kiliondoka kwa muda wa kupiga chafya. Lakini sauti ya mashine ilishuka, ikawa nzito, kama mtu anayejaribu kuzungumza kinywa kimejaa maji, na maranda yaliyotoka upande wa pili yalikuwa meusi na mabichi, yakinuka tope la mto na magamba ya samaki, wakati mti ule ulikuwa umekauka juani miaka mitatu. Kisha umeme ukakatika. Feni ya darini ikasimama. Taa zikazima. Masanja akachomoa waya wa randa ukutani, na randa ikaendelea kuzunguka. Watu tisa wakaitazama ikizunguka, waya ukiwa mkononi mwa Masanja, mpaka ilipopenda yenyewe kusimama. Ndipo kutoka mdomoni mwake, pale visu vya chuma vinapoukata mti, ukatoka msonyo.

"Hewa," akasema Nassib. "Ni hewa tu. Hamjasoma, nyie."

*

Siku ya tatu Kandida aliamka vidole vya mkono wa kulia vikiwa baridi. Adhuhuri vilikuwa haviwezi kukunjika. Alivigonga kwenye meza, kwa siri, vikalia ko, ko, ko.

Akauviringisha mkono kwenye kanga, akafanya kazi kwa wa kushoto. Mtu mwenye mkono mbovu nani angempa ufunguo?

Na viti vikaanza kulowa. Kwanza kigoda cha Masanja: alama ya maji, mviringo, kama mtu aliyetoka mtoni ameketi akaondoka. Masanja akaifuta. Ikaonekana kwenye kigoda cha pili, halafu cha tatu, na kila kilipolowa kingine msonyo ulisikika palepale, kwa kimo cha sikio la mtu aliyeketi. Mtu yule hakuwa na haraka. Alikuwa anajaribu viti kama bibi harusi anavyojaribu viatu, na vyote anavidharau.

"Dada Kandida," Masanja akanong'ona siku ya nne, wameinama pamoja juu ya benchi. "Usinikasirikie. Mkono wako unanuka mto."

"Nyamaza."

"Nioneshe."

Akafungua pembe ya kanga. Masanja akatazama, akaifunga mwenyewe haraka, kama anafunika maiti. Ngozi ilikuwa rangi ya mvule, na kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko ilikuwa na mistari, mirefu, ya kwenda sambamba, kama mti uliopasuliwa.

"Kimeanzia wapi?"

"Kwenye vidole. Kinapanda."

"Kuna mzee namjua," Masanja akasema. "Anauza vitambaa karibu na stesheni. Anasoma visomo."

*

Mzee Mwinyimvua alifika siku ya tano asubuhi, na kwanza alitaka kiti, kisha akakiona kimelowa, akasema atasimama. Alikuwa mtu wa kujipenda. Kofia yake ilikuwa imetiwa wanga mpaka ingeweza kusimama bila kichwa.

"Shikamoo, mzee," Kandida akasema.

"Marahaba, binti. Mwalimu wako hajui kuamkia?"

Nassib alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni. "Mimi na waganga, hapana. Nakwenda kunywa chai. Mkimaliza kuchoma majani mniite, tufanye mtihani." Akatoka, akiruka madimbwi kwa vidole vya miguu ili viatu visichafuke.

Mwinyimvua akawasha mkaa kwenye chetezo, akatia ubani, akasoma. Moshi ulipanda, ukafika juu ya randa, ukaikwepa. Akaongeza sauti, akauliza kwa madaha, "Wewe ni nani, na umetumwa na nani?" Akajibiwa kwa msonyo mmoja mfupi, wa kumfukuza kuku, na makaa yote yakazima kwa pamoja kama yamemwagiwa maji.

Mzee akarudi nyuma hatua moja. Madaha yalikuwa yamemtoka, na bila madaha alionekana mtu wa kweli.

"Huyu haombi damu wala halua," akanong'ona. "Nani kavunja kiti chake?"

Kandida akainua mkono uliofungwa kanga. Aliposhindwa kuushusha, Masanja akamsaidia.

"Sikilizeni basi, nyie wawili. Mkono uliovunja ndio utakaotengeneza. Kwa patasi, bila umeme, na asipokipenda kiti ataendelea kupanda mpaka afike moyoni. Njia nyingine ni moja: mtu amkaribishe kwa mdomo wake, ampe pa kukaa. Hawa hawakai bila kuambiwa 'karibu'. Kwa hiyo neno hilo lisitoke humu kwa utani. Likitoka, msemaji aseme palepale kwamba ametania, aombe radhi, kabla hajakaliwa. Mmenielewa?"

"Tumeelewa, mzee."

Akakusanya chetezo chake, akaondoka bila kuaga mtu wa tatu ambaye wote walijua yupo.

Kandida akauegemeza mkono wa mti juu ya patasi, akaisukuma kwa kifua, na kwa muda wa saa nzima akatoa kwenye kipande kilichobaki cha mtumbwi vibanzi vichache vya mvule, vidogo kama kucha. Kinundu kipya kilikuwa kinaanza kuonekana, kibaya, kimepinda, lakini cha mkono. Hakuna msonyo. Wanafunzi walikuwa wamesimama ukutani, hawathubutu kukohoa.

Ndipo Nassib aliporudi, akinukia sambusa.

"Bado? Saa nzima kwa kitu cha dakika mbili?" Akamnyang'anya.

"Mwalimu, tafadhali, kiache..."

"Mtihani wako huu hapa, dada: umefeli." Akawasha mashine ya msasa, akakipitisha kinundu mpaka kikawa laini kama yai, kikang'aa, akakiweka katikati ya benchi na kujitenga nacho hatua mbili ili wakisifie.

Walisubiri. Nje mvua ilikuwa imeanza juu ya bati, na chini ya sauti ya mvua kulikuwa na sauti nyingine, ya maji yanayodondoka ndani, tone moja moja, sakafuni, kutoka kwa mtu anayepita kati yao polepole kuelekea kwenye benchi, na harufu ya tope ikawapita puani mmoja baada ya mmoja kwa mpangilio waliosimama, na alama ya maji ikatokea juu ya kinundu kile kinachong'aa, ikakaa, ikateleza, na msonyo uliofuata ulikuwa mrefu kuliko yote, msonyo wa fundi anayetazama kazi ya mjinga, nao ulipokatika Kandida alisikia baridi ikiruka kutoka kiwikoni hadi begani, kisha ikigeuza kuelekea kifuani.

"Nani kanisonya tena?" Nassib akapiga kelele. Uso ulikuwa umemvimba. "Jini? Jini gani anayesonya? Kama yupo, hakipendi hiki, aje akae hapa!" Akajipiga bega la kushoto. "Karibu! Karibu sana, mheshimiwa!"

Ndani ya bega la Kandida kitu kikasimama, kama mtu aliyeitwa.

Masanja akamgeukia. Macho yake yalisema: mwambie. Maneno mawili tu, aseme ametania. Masanja mwenyewe akafungua mdomo.

Kandida akamkanyaga mguu.

Akakanyaga kwa nguvu, akaendelea kukanyaga. Joto lilikuwa linarudi. Lilifika kiwikoni, likafika kifundoni, likaingia kwenye vidole kimoja kimoja mpaka kidole cha mwisho kikakunjika, na katika muda wote huo alimtazama mwalimu wake na viatu vyake vyeupe, na hakusema neno.

Viatu vilianza kulowa kutoka ndani.

"Mbona..." Nassib akasema. Shingo ilikuwa inainama, taratibu, upande wa kulia, kama shingo ya mtu anayemwachia nafasi mwingine. Akajaribu kuinyoosha. Ikainama tena. "Mbona kamba hii inanikaba?" Akauvua ufunguo, akautupa juu ya benchi, karibu na mkono wa kulia wa Kandida.

Mkono ukaudaka.

*

Wiki tatu baadaye simu iliita, mchana, karakana imejaa watu.

"Kandida? Ni Nassib." Sauti ilikuwa ndogo, imebanwa. "Nimempata yule mzee wa vitambaa. Anasema mkono wako unaweza. Ukitengeneza kile kiti mwenyewe, ukamkabidhi, atashuka. Nakuja na treni Jumanne, dada yangu. Nakuomba. Silali. Hajaniruhusu hata kuegemea ukuta."

"Na asipokipenda?"

Wote wawili walijua jini angerudi wapi.

Kandida akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa na joto, umejaa vumbi la mbao, ufunguo ukining'inia kifundoni. Kwenye simu, karibu sana na kinywa cha Nassib, mtu akavuta mate kati ya ulimi na meno, bila haraka, akisubiri naye jibu.

"Umekosea namba, kaka," Kandida akasema.

Masanja, benchi la pili, akainua kichwa, akakiinamisha tena. Kandida akaweka simu kifudifudi, akawasha randa ili asisikie kama inaita, akasukuma ubao. Maranda yalitoka makavu, mepesi, yakinukia mbao tu.