Glasi ya Pili ya Doña Leocadia

Doña Leocadia Rentas alikutwa amekufa asubuhi ya mkesha wa Krismasi, ameketi kwenye kiti chake cha kubembea, amevaa viatu vya safari. Sanduku lake lilikuwa mlangoni, limefungwa utepe mwekundu lisije likapotelea uwanja wa ndege. Kwenye meza ndogo mbele yake palikuwa na chupa tupu, kijiko cha mpini mrefu kilichoganda mafuta meupe, na glasi iliyonywewa. Upande wa pili wa meza ilikuwepo glasi nyingine, safi kabisa.

Inspekta Edelmira Toro aliitazama ile glasi safi kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama maiti.

"Alikuwa na mgeni," alisema Sajini Nelson Cintrón.

"Alikuwa akimngoja mgeni, Nelson. Mgeni angefika angekunywa."

Nelson aliinama na pua yake pana juu ya chupa. "Coquito. Tena ya nazi yenyewe, si ya kopo. Tangawizi imo, mdalasini umo, ramu nayo si haba."

"Usinilambie kielelezo."

"Nanusa tu, Afande. Mke wangu ameniwekea mfungo mpaka usiku wa leo."

Inspekta hakucheka. Desemba kule milimani huwezi kupita nyumba ya mtu bila kupewa chupa ya coquito, kile kinywaji cha Krismasi cha nazi na ramu, kwa hiyo chupa yenyewe haikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa chini ya chupa. Mdalasini hutuama, kila mtu anajua, na kungumanga pia. Lakini juu ya zile chenga za kahawia palikuwa na masimbi, yaani mashapo, meupe kama chokaa, na masimbi hayo hayo yalikuwa yamekaukia kwenye kitako cha glasi.

Aliingia jikoni. Jokofu lilikuwa limezimwa, mlango wake umeachwa wazi usivunde. Pipa la taka lilikuwa tupu. Hapakuwa na kifuu cha nazi wala kopo la maziwa.

Aliyeikuta maiti alikuwa Damaris, binti wa kaka yake marehemu, aliyekuja alfajiri na ufunguo wake kumpeleka shangazi uwanja wa ndege wa San Juan. Sasa alikuwa kibarazani, macho mekundu, bado amevaa sare yake ya kazi.

"Unafanya kazi wapi?"

"Nyumba ya wazee. Zamu ya usiku."

"Shangazi yako alikuwa anakwenda wapi?"

"Orlando, kwa mwanawe Gamaliel. Moja kwa moja. Amemng'ang'ania tangu kile kimbunga, mpaka mwaka huu mama wa watu akakubali."

"Nani alimtengenezea coquito?"

Damaris alishangaa. "Si yeye mwenyewe? Ah, hapana. Alisema mwaka huu hatengenezi. Alisema anayeondoka hapiki."

"Nyumba hii anaachiwa nani?"

"Mimi," alisema. Kisha akaelewa kwa nini ameulizwa, akaanza kulia upya.

Mtaa ule ulikuwa umebaki na nyumba mbili tu zenye watu. Nyingine zilifungwa baada ya kimbunga, wenyewe wakaenda Florida, majani yakaota hadi madirishani. Nyumba ya pili ilikuwa ya Don Anselmo Pagán, kinyozi mstaafu aliyefiwa na mke. Walimkuta ameegemea ua, kofia mkononi, vidole vya mkono wa kulia vimefungwa plasta.

"Mara ya mwisho ulimwona lini, Don Anselmo?"

"Jana mchana, mwanangu. Tuliagana. Jioni nililala mapema."

"Hukumtembelea jioni?"

"Sikumtembelea." Akavaa kofia, akaivua tena.

"Vidole vimepatwa na nini?"

"Wembe. Kinyozi anastaafu, wembe haustaafu."

Nelson alicheka. Mzee naye alijaribu kucheka, uso ukamshinda.

Jioni ile Inspekta Toro alikula mkesha wake peke yake: kipande cha nguruwe cha kununua, wali wa kunde, na simu kutoka Chicago ambako binti yake alikuwa ameiweka skrini mbele ya wajukuu waliokuwa wakipigania gari la mbao. "Mama, unatuona?" Aliwaona. Simu ilipokatika, nyumba ikawa kimya. Kwenye jokofu alikuwa na chupa ya coquito aliyopewa na mke wa Nelson. Hakuifungua. Coquito hainywewi na mtu mmoja. Ukiinywa peke yako unajisikia mlevi, na yeye hakutaka kujisikia hivyo Krismasi.

Majibu ya maabara ya jinai yalikuja baada ya mwaka mpya. Daktari Irizarry, aliyefanya uchunguzi wa maiti, alimpigia mwenyewe.

"Dawa ya usingizi, Edelmira. Nyingi. Nusu yake ingemlaza tu hadi mchana. Yote, pamoja na ramu, na moyo ule wa mzee, ilimsimamisha pumzi."

"Na masimbi?"

"Dawa hiyo hiyo iliyosagwa, mdalasini, tangawizi, na nyuzi za nazi mbichi zenye vipande vya gamba la kahawia. Mtu aliyeikuna alifika hadi kwenye gamba."

"Alama za vidole?"

"Za mtaa mzima. Unajua chupa za huku, zinazunguka miaka. Leo ya ramu, kesho ya siki, Krismasi ya coquito. Kuna za marehemu, za Damaris, za yule kinyozi, na za watu walioko Florida siku nyingi."

Kwa mwendesha mashtaka kesi ilikuwa imekwisha. Damaris alikuwa na ufunguo. Damaris alikuwa na nyumba ya kurithi. Na kwenye mkoba wa Damaris, anayelala mchana kwa sababu ya zamu ya usiku, walikuta dawa ya jina lile lile.

"Mkamate," alisema mwendesha mashtaka kwenye simu. "Lakini baada ya Sikukuu ya Wafalme. Ana watoto wadogo, tusiwaharibie."

"Huruma iliyoje," alisema Inspekta, akaweka simu chini.

Mkesha wa Wafalme, wale mamajusi watatu wanaowaletea watoto zawadi, ukafika, na Inspekta akaenda kwa Damaris mchana. Watoto wake wawili walikuwa uani wakikata majani na kuyajaza kwenye maboksi ya viatu, chakula cha ngamia wa Wafalme. Damaris aliwatazama kwa dirisha kama mtu anayeaga.

"Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuuliza. Coquito yako unaitengenezaje?"

"Hilo ndilo swali?"

"Jibu tu, mama."

Damaris alifungua kabati. Makopo yalikuwa yamepangwa: krimu ya nazi, maziwa mazito, maziwa ya kawaida. "Nafungua, natia kwenye mashine, nawasha. Shangazi alikuwa akinisimanga. Anasema yangu ni dawa ya kikohozi."

"Hukuni nazi?"

"Na kucha hizi? Nazi alikuwa akizikuna Don Anselmo. Shangazi hupika tangawizi, Don Anselmo hukuna kwenye lile bati lenye meno. Kila Desemba, tangu mkewe afe. Wanagombana jikoni mpaka unadhani wameoana."

Inspekta alivuta kiti, akaketi. "Nisikilize vizuri. Dawa ilituama chini ya ile chupa. Maana yake aliyemimina hakuitikisa kwanza. Hapa kwetu hata mtoto anajua coquito hutikiswa."

"Shangazi hakuweza," alisema Damaris. "Kifundo cha mkono wake kilivunjika kwenye kimbunga, hakikuunga sawasawa. Hata kufungua mfereji ilikuwa shida. Aliyekuwa akimtikisia ni Don Anselmo. Jioni wanakunywa glasi mbili, ya kwanza ya shangazi, ya pili yake, basi. Kichupa kinatosha hizo mbili. Alikuwa akijisifu, mkono wa kinyozi haujui kuchoka."

Inspekta alisimama kuaga. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hakuhisi ushindi wowote.

Alipita kwake, akafungua jokofu, akachukua ile chupa ya mke wa Nelson. Kisha akampitia Nelson, wakapanda mtaa wenye nyumba mbili, ambao sasa ulikuwa na nyumba moja.

Don Anselmo aliwakaribisha sebuleni. Hakuwa amenyoa ndevu, kinyozi mzima. Kiti chake cha kazi bado kilikuwa pembeni, mbele ya kioo, kimefunikwa shuka.

"Leo ni mkesha wa Wafalme," alisema Inspekta, "na mimi sina wa kunywa naye. Utanisaidia, Don Anselmo?"

"Umefanya vizuri, mwanangu. Upweke ni uvundo."

Mzee alileta glasi. Inspekta aliisukuma chupa upande wake.

Don Anselmo aliishika chupa shingoni. Akaigeuza chini juu, akaitikisa, akaigeuza tena, akaitikisa, taratibu, macho yakiwa dirishani kuelekea nyumba ya pili, kama alivyokuwa akifanya jioni zote za miaka ile. Plasta hazikuwepo tena. Migongo ya vidole vyake ilikuwa na makovu mapya, madogo madogo, yamepangana.

"Wembe haukati migongo ya vidole," alisema Inspekta. "Bati la kukunia nazi ndilo linalokata hapo, nazi ikiisha na mtu bado anakuna."

Mkono wa mzee ulisimama. Aliweka chupa mezani polepole.

"Kwa nini hukuitikisa ile, Don Anselmo?"

Nelson alitoa kalamu. Mzee alimtazama, kisha akamtazama Inspekta.

"Tuligombana," alisema. "Mchana ule. Nilimwambia asiende. Nikamwambia, Leocadia, mtaa huu una taa mbili, ukizima yako mimi nitaangalia nini? Akasema mwanawe ameshalipa nauli. Nikamwambia maneno mabaya. Akafunga mlango."

"Ukafanya nini?"

"Nikakuna nazi. Nilijua kuitengeneza ya kwake, nilikuwa nikimwangalia miaka yote. Dawa nilikuwa nayo, daktari alinipa nilipofiwa na mke wangu. Nikaisaga kwa kitako cha glasi."

"Ulitaka afe?"

"Yesu na Maria." Alisema kwa sauti ya chini sana. "Nilitaka alale. Glasi moja, yake, imlaze mpaka mchana. Ndege ingemwacha. Krismasi tungekula pamoja, angenitukana, maisha yangeendelea. Nauli ya pili asingeipata kabla ya Wafalme. Labda angeghairi. Ndiyo hesabu yangu yote."

"Na glasi ya pili?"

"Ya pili ni yangu. Siku zote ya pili ni yangu. Nilikuwa niimwage."

"Lakini hukwenda."

"Nilikuwa na hasira bado. Chupa ilikaa kwenye jokofu langu, jioni nikaiweka kibarazani kwake, nikabisha, nikarudi mbio. Nikakaa hapa, taa nimezima. Nikasema, anipigie yeye simu. Aniombe yeye radhi. Mzee mzima nimenuna kama mtoto."

Nelson aliacha kuandika. Inspekta alimpa ishara aendelee.

"Dawa ilizama yote chini," alisema Inspekta. "Aliondoa mafuta shingoni kwa kijiko, akamimina glasi ya kwanza. Hiyo haikuwa na kitu. Haikumlaza. Kama ungekuwepo ukaitikisa, angesinzia kwa ile ya kwanza na leo angekuwa anakutukana."

Don Anselmo alifunika uso kwa kofia.

"Ulijua Damaris anashukiwa?"

"Nilijua. Kila siku nilisema kesho nitakwenda kituoni. Niliogopa, mwanangu. Si jela. Huko angalau kuna watu." Alijipangusa. "Niliogopa kulisema kwa mdomo kwamba ni mimi."

Inspekta Toro alitoka kibarazani, akampigia simu Damaris. "Hakuna anayekuja kukuchukua," alimwambia. "Nenda ukawasaidie watoto na majani yao." Upande wa pili alisikia kilio, kisha mtoto akiuliza mama ana nini.

Aliporudi ndani, mzee alikuwa ameshavaa koti na kuzima jiko. Alikuwa tayari. Alisimama mbele ya kile kiti cha kinyozi kilichofunikwa, akageuka.

"Niulize kitu kimoja?"

"Uliza."

"Ile ya pili. Kwa nini aliinywa? Leocadia hakuwa mnywaji. Glasi moja tu, miaka yote."

Inspekta hakutaka kujibu. Sheria haikumtaka ajibu. Lakini mzee alikuwa akimtazama, na angekwenda kuliuliza swali hilo gerezani mpaka afe.

"Alikuwa amekuwekea glasi yako," alisema. "Safi. Haikuguswa. Alikaa amevaa viatu vyake akikungoja. Ulipokawia, akaimimina ya kwako kwenye glasi yake, akainywa."

"Glasi iliwekwa upande gani wa meza?"

"Upande wa mlango."

Don Anselmo alitikisa kichwa taratibu. "Hapo ndipo ninapokaa," alisema, akanyoosha mikono yake yenye makovu ili afungwe pingu.