Shangazi Afika Lemara

Mkungu wa ndizi mshale ulibaki mmoja tu, na walioung'ang'ania walikuwa wawili. Soko la Kilombero, jijini Arusha, lilifurika Jumamosi ile, lakini Hedwiga, ndani ya gauni lake la kitenge cha njano, hakuona mwingine ila kaka mrefu aliyeshika upande wa pili.

"Dada, mtori utaujua kupika kweli?"

"Njoo uonje, ndipo uulize."

Akaja, akaonja supu ile ya ndizi, akanogewa. Masika yalipoisha, kaka huyo, Elinami, alikuwa akimwita "mama mtori" na kumpigia simu kila asubuhi, na Hedwiga alimpenda, tena sana.

Kasheshe ilianzia Kisongo. Elinami aliuza droni za kamera za kampuni moja ya huko. Kampuni hiyohiyo ikamwajiri Hedwiga kuwachunguza wanunuzi, bidhaa zisije zikatumika kuumiza watu. Mnunuzi mkubwa wa Elinami, jeshi la nchi ya mbali, lilijulikana kwa kuwafukuza wafugaji makwao. Hedwiga akasema wasiuziwe. Usiku Elinami akampigia simu.

"Ni kamera tu, mpenzi! Haina risasi."

"Na risasi inaonyeshwa njia na nani?"

"Kwa hiyo mimi muuaji?"

"Sijasema hivyo. Waulize tu, watammulika nani?"

Elinami akakata simu. Asubuhi simu haikulia, wala kesho yake. Hedwiga alilia, akajipaka poda, akaenda kazini. Neno lake hakulirudisha.

Wiki iliyofuata jirani yake, Naserian, alimdaka getini kwake Lemara.

"We Hedwiga! Kuna mama wa Kimeru kazunguka mtaa mzima anakuulizia. Ukoo gani, mna magonjwa gani, mna ugomvi na nani. Anaitwa Elinipa."

Shangazi yake Elinami! Hedwiga aliingia ndani akiwaka, akampigia Elinami simu.

"Unanilipizia? Unanichunguza?"

"Ndiyo."

"Na haya huoni!"

"Hedwiga, kwetu mtu wa kuachana naye hachunguzwi. Anachunguzwa wa kuoa."

Hedwiga akaketi. Hata kwao Rombo posa haiendi kabla wazee hawajauliza. Hasira tu ndizo zilizomsahaulisha.

"Niliwauliza wale watu," Elinami akaendelea, sauti imeshuka. "Wakacheka. Wakasema hakuna muuzaji aliyewahi kuwauliza hivyo. Niliona aibu, mama mtori. Nimewakatalia mwenyewe."

"Na shangazi kasemaje?"

"Kasema una mdomo. Ila unafaa."

Hedwiga akacheka huku machozi yanamtoka. "Mimi bado sijamaliza kukuchunguza wewe. Na uchunguzi wangu hauishi siku mnunuzi anapokabidhiwa mzigo."

"Unaisha lini?"

"Hauishi."

"Basi fungua geti. Shangazi amechoka kubeba ndizi."

Akatoka mbio, kandambili mguu mmoja. Elinami alikuwa amesimama kando, anatabasamu, hathubutu kutangulia mkubwa wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Shangazi Elinipa akamtazama juu hadi chini, taratibu, kisha akamwekea mkungu mikononi. "Mtori utaujua kupika kweli?"