Mstari Mwekundu Chini ya Rangi

Nyumba ya mchora mabango haikukosa rangi. Mlango ulikuwa wa kijani, madirisha ya manjano, hata banda la kuku lilikuwa na michirizi myeupe. Kitu kikichakaa, yeye alikipaka. Mkewe, aliyeshona sare za shule, alizoea kumtania.

"Nikizeeka, nami utanipiga mikono miwili ya rangi?"

"Wewe rangi yako ya kiwandani. Haibanduki."

Asubuhi moja utani uliisha. Binti yao alikuwa akijifunza kazi katika kituo cha afya, upande wa pili wa kilima. Kwa miguu ni saa mbili. Alikuwa amechelewa mara mbili, na msimamizi wake alisema wazi kwamba akichelewa tena, nafasi atapewa mwingine.

"Baba," alisema binti, "naomba ile baiskeli ya baba mkubwa. Mpya hatuiwezi, najua."

Mama aliacha kukanyaga cherehani.

Ilikuwa baiskeli ya mbio, ya chuma, ya zamani, yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Mwenyewe, kaka wa mchora mabango, alikuwa tarishi. Aliipanda kila siku kupeleka barua za ofisi. Miaka minne iliyopita alianguka nayo kwenye mteremko wa kile kilima, mchana kweupe. Barabara ilikuwa kavu. Hakukuwa na gari wala ng'ombe. Watu walimkuta amelala, hapumui, na baiskeli iko pembeni yake, nzima kabisa.

Waliitundika kwenye msumari stoo. Tangu hapo, kila siku jua la adhuhuri lilipowaka, kitu kililia ndani ya stoo mara moja tu: tii. Wakisikia, mama alikaza macho kwenye kitambaa, na baba alipiga mluzi.

"Chukua," baba alisema mwishowe. "Lakini niipendezeshe kwanza."

Aliiosha kwa ndoo tatu za maji, akaipaka buluu. Kwa kazi yake hana mpinzani, lazima tumpe haki yake. Baiskeli iling'aa. Lakini siku ya pili, mama alipoingia stoo kuchukua uzi, alirudi kinyumenyume.

"Njoo uone."

Kwenye uma, yaani kile chuma cha miguu miwili kinachoshika gurudumu la mbele, rangi ilikuwa imepasuka. Ulikuwa mstari mwembamba kama unywele, kwenye mguu wa kushoto. Ndani ya mstari mlikuwa na wekundu, na tone moja lilikuwa limeshuka hadi chini.

"Ni kutu," baba alisema.

"Kutu haidondoki. Hiyo ni damu."

"Mama nanihii, acha mambo yako." Akapiga mkono wa pili, mzito zaidi. Kesho yake mstari ulikuwa umerudi. Mahali palepale, urefu uleule, na tone lake.

Binti alijikaza akaipanda uani. Alizunguka mara moja, akabana breki ya mbele. Gurudumu likavuta kushoto. Akarudia. Likavuta tena, na uma ukatoa mlio mdogo, kama mtu anayeguna usingizini. Akashuka.

"Baba, kuna mtu anaushika usukani."

"Shemeji naye aliangukia kushoto," mama alisema taratibu. "Hataki ipandwe. Mkaitupe."

"Hakuna kutupa! Nitapiga mkono wa tatu."

Nyuso zao zilikuwa zimepauka kwa hofu, na mwenye hofu zaidi alikuwa baba, ingawa yeye ndiye aliyepaza sauti. Binti hakungoja mkono wa tatu. Aliikokota baiskeli hadi kwa Bi Spoki, na wazazi wakamfuata, mama akiwa nyuma kabisa.

Bi Spoki alikuwa fundi wa baiskeli, mwanamke mnene, mpole, mwenye kucha nyeusi kwa grisi. Juu ya baraza lake zilining'inia baiskeli mbovu nyingi. Upepo ukipita, magurudumu yalijizungusha yenyewe. Mama aliyatazama na hakutaka kuketi.

"Karibuni. Mbona mmekuja kama mnaenda msibani?"

Binti alimweleza yote: mlio wa stoo, mstari, tone, mkono usioonekana. Bi Spoki hakucheka. Alitoa sarafu mfukoni.

"Chuma kizima kina sauti yake," alisema. "Sikilizeni."

Akagonga bomba la juu: ting. Bomba la chini: ting. Mguu wa kulia wa uma: ting. Kisha mguu wa kushoto.

Tup.

Akagonga tena. Tup, kama mtu anayegonga kutoka ndani ya sanduku.

"Sauti peke yake haitoshi. Tuitazame." Akafungua gurudumu, akachukua msasa, akaanza kusugua. Buluu ya juzi ikatoka. Buluu ya kwanza ikatoka. Chini yake ikatokea kijani, nayo ikatoka. Chini ya kijani, chuma kilikuwa na ufa. Bi Spoki aliukunja uma kidogo kwa mikono miwili, ufa ukafunguka mdomo. Akauachia, ukajifunga, usionekane kabisa.

"Mnauona? Ukibeba mzigo au ukibana breki, unafunguka, mguu huu unalegea, gurudumu linavuta kushoto. Ukishuka, unajifunga. Kila mtu anasema baiskeli ni nzima."

"Na lile tone?" mama aliuliza.

"Maji mliyooshea. Yameingia kwenye ufa, yanatoka na kutu. Rangi ikipasuka mahali palepale mara mbili, jueni chuma chenyewe ndicho kimepasuka."

"Na ule mlio wa mchana?"

"Bati la stoo. Likipata joto linatanuka, linavuta mbao na misumari. Hata kwangu linalia. Zamani lililia pia, ila hamkuwa na sababu ya kulisikiliza."

Mama alishusha pumzi. Alikuwa hajaimaliza, Bi Spoki akauliza, "Kutu hii ya zamani iko chini ya kijani. Ufa ulikuwepo kabla ya kijani. Nani alipaka kijani?"

Mchora mabango aliketi kwenye kopo la rangi lililokuwa hapo, akaweka mikono usoni.

"Ni mimi," alisema. "Wiki ile. Kaka aliniletea, akasema, mdogo wangu, hiki kimstari ni nini? Nikamwambia mchubuko tu huo, lete nikupigie mkono mmoja. Akafurahi. Alinilipa soda. Siku sita baadaye..."

Magurudumu juu ya baraza yalizunguka polepole. Mama, ambaye kutwa nzima aliogopa hata kuisogelea baiskeli, alikuja akasimama karibu na mumewe, akaweka mkono begani mwake.

"Sikuwepo pale kwenye mteremko," Bi Spoki alisema. "Siwezi kuapa kwamba ni hiki. Wewe hukujua, na yeye hakujua. Lakini leo tunajua, na huyu mtoto bado hajashuka ule mteremko."

"Basi itupwe," baba alisema.

"Itupwe nini? Fremu ni nzima, nimeigonga. Kibaya ni uma tu. Tena usiupeleke kwa mchomeleaji. Uma wenye ufa hauchomelewi, unabadilishwa."

Akashusha baiskeli moja mbovu, iliyokuwa na fremu iliyopinda lakini uma mzima. Aliugonga: ting. Alilinganisha urefu na nyuzi za skrubu za shingo, ukaingia. Alifunga kamba kutoka shingo hadi ekseli ya nyuma, pande zote mbili, kuhakikisha fremu haikupinda. Gololi za shingo aliziosha kwa mafuta ya taa, zile zilizochubuka akazibadilisha, akatia grisi mpya.

"Vitu gani ninunue vipya?" binti aliuliza. Alikuwa na kibahasha chake kidogo.

"Mpira wa breki, waya wa breki, tairi na cheni. Hivyo ndivyo vinavyobeba roho yako, usivifanyie ubahili. Tandiko, pedeli na usukani, vya zamani vinatosha. Rangi ni ya mwisho kabisa. Hata usipopaka, utafika kazini."

Siku mbili walifanya kazi pamoja. Baba ndiye aliyesugua fremu yote, kila kiungo, akipitisha kidole polepole na kugonga kwa sarafu. Aliipaka buluu. Uma hakuupaka. Aliufuta kwa mafuta, ukabaki chuma kitupu, ili kila Jumamosi auangalie.

Asubuhi ya kwanza binti alifika kazini mapema, hata mlinzi alikuwa hajafungua geti. Hakuchelewa tena. Na pale kwenye meza ya mchora mabango pakasimama bango jipya, kubwa kuliko yote: SIPAKI RANGI JUU YA UFA. NENDA KWANZA KWA BI SPOKI. Wateja wengine walinuna. Aliwaacha wanune.

Adhuhuri moja alikuwa nyumbani akila. Stoo ilikuwa wazi na msumari mtupu. Jua liliwaka, na ndani kitu kikalia: tii.

"Bati," mama alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Bati," baba alisema. Lakini aliweka kijiko chini, akaenda kusimama stoo mbele ya ule msumari.

"Nimekisugua kile kimstari, kaka," alisema kwa sauti ndogo. "Safari hii nimetazama."

Kisha akatoka nje, akakaa mlangoni, akasikiliza barabara mpaka jioni, kengele ya baiskeli ya binti yake iliposhuka mteremko.