Rimu ya Mbele Kushoto

Duka la mjomba Hanifu lilikuwa karibu na soko la Majengo, Dodoma, mahali ambapo pikipiki, mikokoteni na wauza zabibu hugombania njia tangu asubuhi, na anayetaka kusikika lazima apaaze sauti. Rimu za magari zilitundikwa ukutani kutoka sakafuni hadi darini. Katikati yake alisimama Shamila, binti wa Kondoa, baibui jeusi, mtandio wa zambarau, na macho ambayo wateja waliyatazama kwanza kabla ya kukumbuka walichofuata. Mjomba alimwachia duka zima bila wasiwasi. Binti alizijua rimu kama wenzake wanavyojua vitenge.

Siku hiyo aliingia kijana mrefu, shati limejaa vumbi jekundu, amekumbatia rimu iliyovunjika kama anayebeba mgonjwa.

"Dada, habari za kazi. Natafuta pacha wa hii."

"Nzuri. Imekutana na nini?"

"Shimo, njia ya Mpwapwa. Nilikuwa namkwepa ng'ombe."

"Na ng'ombe mzima?"

"Mzima kabisa. Nadhani bado ananicheka."

Shamila naye akacheka, akajikausha haraka kama muuzaji anavyotakiwa, kisha akashusha rimu moja ukutani na kuilaza kaunta kando ya ile iliyovunjika.

"Si ndiyo yenyewe hii!" kijana akafurahi.

"Wote husema hivyo. Tazama vizuri. Zote inchi kumi na sita, zote nati tano, zote mikono kumi iliyopangwa miwili miwili. Sasa pitisha kidole hapa. Mikono ya rimu yako inakwenda mpaka kwenye ukingo wa nje. Ya hii inaishia kabla, inaacha njia nyembamba kuzunguka."

Kijana akapitisha kidole. Kikafika karibu na kidole cha Shamila, kikasimama hapo kwa adabu.

"Haya, matundu ya nati," Shamila akaendelea, sauti imepungua kidogo. "Yako yamekaa kati ya mkono na mkono. Ya hii yamekaa kwenye shina la mkono. Na mikono ya hii imebonyea kwenda ndani, yako imenyooka. Hawa ni ndugu, siyo mapacha."

"Gari likitembea nani atayaona yote hayo?"

"Mimi."

Akainunua hivyo hivyo, ikafungwa mbele kushoto. Jioni simu ya duka ikaita.

"Haloo, dada wa rimu? Hapa Sostenes. Nina malalamiko."

"Gari linatetemeka?"

"Gari limetulia. Anayetetemeka ni dereva."

Basi, yakaanza. Na kusema kweli, tangu yanaanza hayakuwa na pa kwenda. Sostenes alikuwa Mgogo wa Mpwapwa, mpima viwanja, na baba yake ni mzee wa kanisa ambaye hakosi ibada hata akiwa na homa. Babu yake Shamila alikuwa akiswalisha watu Kondoa, na baba yake, mzee Rahimu, alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini. Wapenzi wote wawili walilijua hilo. Walichofanya ni kulikalia kimya, wakaona mapenzi yanaweza kuishi kwa kuku wa kuchoma wa mgahawa wa Chako ni Chako na simu za jioni.

Jua likipoa walizunguka Nyerere Square, yeye Sostenes na shati lililopigwa pasi kwa shida, Shamila na mtandio wake mpya wa bluu, wakicheza mchezo ambao hakuna wapenzi wengine Dodoma nzima waliokuwa nao. Walikagua rimu za magari yaliyoegeshwa.

"Ile nyeusi?" Sostenes anauliza.

"Ya kuiga. Mikono mizito, kona zake butu. Aliyeibuni ile halisi aliichonga, huyu ameimimina tu."

"Na ile?"

"Halisi. Ona kifuniko cha katikati kilivyozama, kinalingana na uso wa rimu."

"Na mimi, laazizi?"

"Wewe nakuchunguza bado."

"Chunguza taratibu, mama. Usimalize mapema."

Shamila alikuwa anampenda. Tuliseme wazi, maana yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu. Alimpenda mpaka akawa anatambua gari lake likiwa mbali bila kusoma namba, kwa ile rimu ya mbele kushoto peke yake, ndugu katikati ya mapacha watatu.

Kisha mzee Rahimu akapiga simu kutoka Kondoa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbaruku ameleta posa. Yule wa vitunguu, unamjua, kijana wa watu, ana heshima. Sikulazimishi. Ila Jumapili anasafiri kwenda Babati, na anataka kuondoka na jibu. Ukisema hapana, nitamwambia hapana."

Shamila akaomba afikirie. Alichokuwa anakifikiria hakikumhusu Mbaruku hata kidogo. Alikuwa anamsubiri Sostenes aseme neno moja, kwamba atakuja Kondoa na wazee wake. Angelisema hilo, jibu la Jumapili lingekuwa hapana, yatakayofuata yafuate.

Usiku ule ule... la, hata usiku haukuwa umeingia, adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, akampigia.

"Soste, mtu akitaka kwenda kwa watu, huwa anangoja nini?"

"Mpenzi, niko kikaoni. Nitakupigia."

"Kikao gani kila siku?"

"Cha familia. Nitakueleza, kipenzi, vumilia kidogo."

Vikao vikaongezeka. Simu zikawa za kukatwa katikati, nyuma yake watu wakicheka na kupiga makofi. Shamila hakuuliza tena. Alikuwa na kiburi cha kwao, cha kutosogea pale ambapo hajakaribishwa, na kiburi hicho ndicho kilichommaliza.

Jumamosi mchana matarumbeta yakasikika kutoka upande wa kanisa. Msafara wa harusi ukaja, wapigaji wamejazana juu ya pikapu, wanawake wameshona sare ya kijani, vigelegele juu ya vumbi. Gari la maharusi lilikuwa la rangi ya fedha, vioo vya giza, maua juu ya boneti, utepe mwekundu pande zote, na pale pa namba wamebandika kibao cha "Bwana na Bibi Harusi". Foleni ikalisimamisha mbele ya duka.

Shamila alitazama magurudumu kwanza, kama kawaida yake. La nyuma, mikono inafika ukingoni. La mbele, mikono inaishia kabla. Akatazama tena. La nyuma, nati kati ya mikono, la mbele, nati kwenye shina.

"Mjomba," akasema, na sauti yake haikuwa yake. "Lile gari la Sostenes."

"Magari ya rangi ile yamejaa mjini, mama."

"Rimu ile nimeiuza mimi."

Akapiga simu. Namba haikupatikana. Mtu anayefunga ndoa huzima simu, nani asiyejua hilo? Matarumbeta yakasogea, gari likaondoka, na Shamila akaizuia namba ya Sostenes isiweze kumpigia tena maishani. Kisha akampigia baba yake.

"Baba, nimekubali. Msinisubiri mimi. Fungeni ndoa kesho, kabla hajasafiri."

Jumapili, watu walipomaliza swala ya adhuhuri Kondoa, simu ya Shamila ikaita. Alikuwa amesimama kaunta, kitambaa cha kufutia vumbi mkononi.

"Shamila, shehe yuko hapa, na mashahidi wanakusikia. Umeniidhinisha nikuozeshe kwa Mbaruku bin Salimu, kwa mahari ya msahafu na cherehani?"

"Nimekuidhinisha, baba."

Wakamuuliza tena. Akajibu tena. Upande wa pili dua ikasomwa, wanaume wakaitikia amina. Sherehe wangeipanga baadaye. Yeye akaendelea kufuta vumbi.

Jumatatu asubuhi Sostenes akaingia dukani, shati jeupe, macho mekundu ya kukosa usingizi, lakini anatabasamu.

"Shami, simu yako ina nini? Nimepiga tangu juzi jioni. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," mjomba Hanifu akaitikia, akainuka na kwenda nje. Hakutaka kuyaona.

"Hongera," Shamila akasema. "Bibi harusi hajambo?"

"Bibi harusi yupi?"

"Lilipita hapa, Sostenes. Nimeona rimu."

Akaduwaa. Halafu akaelewa, na tabasamu likamtoka usoni.

"Gari ni langu. Harusi ilikuwa ya Yotham, mtoto wa baba mdogo. Kamati ya harusi ilichagua gari langu, na mimi nilikuwa msimamizi wake, simu nimeizima kanisani. Vile vikao vyote ndivyo hivyo."

"Kwa nini hukusema ni harusi?"

"Kwa sababu ningetamka harusi, ungeniuliza ya kwetu lini. Sikuwa na jibu, niliogopa." Akaegemea kaunta. "Sasa ninalo. Juzi ukumbini nilimwambia baba mdogo. Amekubali kunisindikiza Kondoa."

"Baba atawakatalia."

"Atukatalie. Tutarudi tena. Bomani wanafungisha ndoa bila kumuuliza mtu anasali wapi. Nimeshaamua, mpenzi wangu, naomba na wewe uamue."

Shamila alimsikiliza mpaka mwisho. Hayo ndiyo maneno aliyoyangojea, yote, hata lile la bomani. Huenda mzee Rahimu angewafukuza, na mzee wa kanisa angewafukuza, lakini wangefukuzwa wakiwa pamoja.

"Soste, mimi ni mke wa mtu."

"Tangu lini?"

"Jana."

"Jana ulikuwa hapa Dodoma!"

"Nilikuwa hapa hapa kaunta. Waliniuliza kwa simu, nikajibu."

"Sema ulikosea! Sema uliona vibaya!"

"Sikuona vibaya. Na hakuna aliyenilazimisha. Ningelazimishwa, ningepata wa kumlaumu. Baba alinipa nafasi ya kusema hapana, nami nikasema ndiyo mbele ya mashahidi, kwa ulimi huu huu. Nimwambie nini sasa? Na yule mwanaume wa watu amenikosea nini?"

"Ungeniuliza tu, Shamila."

"Nilipiga."

"Mara moja?"

Machozi yakamtoka Shamila, akayaacha yatoke. Sostenes aliunyoosha mkono juu ya kaunta, akakumbuka alichoambiwa, akaurudisha mfukoni.

Simu ikaita. Namba ngeni, haina jina. Shamila akaipokea ili tu asiendelee kumtazama usoni.

"Assalaam alaykum, mke wangu," sauti ya upole ikasema, nyuma yake wapagazi wakipigiana kelele. "Nimefika Babati salama. Nimeona nikujulie hali. Umekula?"

Shamila akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Shamila? Unanisikia?"

Sostenes alikuwa bado amesimama mbele yake.

"Abee, mume wangu," akasema. "Nakusikia."