Mgeni wa Dirisha la Paa

Hodi ilipigwa juu ya paa. Mama Kidege aliisikia vizuri akiwa chini ya ngazi, karibu na mlango, kashika ndoo ya misumari, akimsubiri mumewe aseme anataka nini tena.

Mumewe, fundi seremala, alikuwa darini amepiga magoti, amelipa mgongo tundu alilolikata mwenyewe kwenye vigae. Alikuwa anajenga dirisha la kuchomoza, lenye vikuta vyake na kipaa chake kidogo, ili binti yao apate hewa. Kidege alikuwa na pumu, na chumba cha chini kilikuwa na ukungu ukutani usiosikia rangi wala dawa.

"Hodi," sauti ikarudia. Sauti ya upole, ya mtu aliyelelewa.

Fundi, misumari mdomoni na macho kwenye pima maji, akajibu kama mimi na wewe tungejibu. "Karibu!"

"Umemkaribisha nani, Baba Kidege?"

"Si huyo anayepiga hodi?"

"Mlangoni niko mimi. Hakuna mtu."

Fundi akageuka. Aliona anga, na turubai likipepea. "Basi ni njiwa mwenye adabu zake," akasema, wakacheka mpaka ndoo ikamwagika.

Kioo kikawekwa, Kidege akahamia juu. Siku za mwanzo alilala fofofo, mama yake akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha ikaja harufu, tamu kupita kiasi, kama maua yaliyosahaulika kwenye maji. Fundi akasema ni gundi. Gundi gani hiyo, jamani, inayonukia jua linapozama tu?

Jioni moja mama alimkuta mtoto amejibana ukingoni mwa kitanda, kifua kinapiga filimbi.

"Mbona umelala hivyo?"

"Mgeni kaniambia nisogee," Kidege akanong'ona. "Mama, anavuta hewa yote kabla yangu."

Wakamkimbiza hospitali. Huko alipumua vizuri, akacheza, akarudishwa. Alipovuka tu kizingiti cha nyumba, filimbi ikaanza upya. Wakamlaza sebuleni, na ngazi za dari zikalia moja baada ya nyingine, taratibu, kama hatua za mtu anayeshuka kwa raha zake kwa sababu yuko nyumbani. Walipompeleka kwa shangazi yake, harufu ilikuwa imeshafika, inawasubiri mlangoni.

Ndipo akaitwa mganga, bibi mfupi asiyependa maneno mengi. Alinusa, akakataa kuingia.

"Nani alimkaribisha?"

Fundi akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Basi mimi siwezi kumtoa. Angevunja mlango, ningemfukuza. Huyu ni mgeni wako, baba. Msindikize."

"Mpaka wapi?"

"Kwani wewe ukisindikiza mgeni unaishia wapi? Mpaka mwenyewe akwambie basi, inatosha, rudi."

"Na asiponiambia?"

Bibi akajifanya anatafuta kiatu chake.

"Usiende," Mama Kidege alimng'ang'ania mumewe shati. "Tuhame! Tuiache hii nyumba!"

"Tutahama naye, mke wangu." Akamtazama binti yake, midomo imeshaanza kuwa ya bluu. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Akapanda.

Mama alibaki chini na mtoto kifuani, akamsikia mumewe akiongea kwa adabu: "Mgeni wetu, umetuheshimu sana, ila giza linaingia, twende nikusogeze," na dirisha likafunguliwa, na harufu ile ikashuka ngazi ikampita usoni ikarudi juu, na juu ya kichwa chake vigae vikaanza kulia, hatua nzito za mumewe anazozijua na pembeni yake hatua nyingine nyepesi zisizo na haraka, zikielekea ukingoni, naye akatoka mbio na mtoto mikononi, pekupeku, akiita, mpaka uani ambapo aliweza kuliona paa lote.

Alimwona mumewe peke yake, mkono umeinuka kidogo, umeshikwa na mkono usioonekana, kama watu wawili wanavyoshikana wakiagana. Wakati huohuo Kidege akavuta pumzi. Pumzi nzima, bila filimbi. "Mama, nina njaa," akasema, na baba yake kule juu akaisikia ile sauti, akatabasamu, akaukanyaga ukingo wa paa, akapiga hatua mbele.

Hakuanguka. Mguu ulipata pa kukanyaga. Akaendelea kutembea juu ya ua wa jirani, juu ya kamba ya nguo, akimuuliza mgeni habari za watoto, za safari, za afya, kama tunavyoulizana sote njiani, sauti ikizidi kuwa ndogo.

"Baba anakwenda wapi?"

"Anamsindikiza mgeni," mama alisema. "Akifika karibu na kwao atamwambia rudi. Atarudi sasa hivi, mwanangu."

Kidege alipunga mkono mpaka baba yake akawa haonekani tena. Kisha akakunja uso.

"Lakini, Mama, mgeni aliniambia amesahau kwao ni wapi."